UZI: Aljebra ya chuo enzi hizi za simu janja, hii x tunaifundisha kwa ajili ya nani?

Mlinganyo

Wakuu habari za muda huu. Kuna jambo linanikera miaka mingi naomba tulijadili, na nitaandika kirefu kwaiyo asiye na muda apite tu salama.

Mi nafundisha hesabu chuoni, ile aljebra ya mwaka wa kwanza ambayo kila mtu anaichukua atake asitake. Wa biashara yumo, wa uuguzi yumo, wa uandishi wa habari yumo, wote wananiangalia kana kwamba nimewafungia mlango na ufunguo nimeumeza. Na kila semista tukishafika kwenye kufakta (kuvunja mlinganyo uwe mabano yanayozidishana) lazima mkono unyanyuke huko nyuma: "Ticha, hii x tutaikuta wapi?" Zamani nilikuwa najibu kwamba hesabu inanoa ubongo. Jibu la kukwepa lile na wao walijua, maana hata bao linanoa ubongo na hakuna anayerudishwa mwaka kwa kutojua bao.

Basi nikasema ngoja nilete teknolojia. Mara ya kwanza nilihamishia mazoezi yote kwenye mfumo wa mtandaoni, ule unaosahihisha wenyewe, ukikosea unakupa swali jingine la aina ileile. Nilijiona wa kisasa kweli. Baada ya mwezi nikagundua watu wanabahatisha mpaka kijani kiwake alafu wanafunga laptopu wanalala. Swali lilikuwa lilelile la kwenye karatasi, tofauti ni kwamba sasa linahitaji bando.

Mara ya pili nikaingia Desmos, ile ya kuchora grafu, nikaandika y = ax² + bx + c, nikaweka slaida (vile vitufe vya kusukuma) za a, b na c, ukisukuma a parabola, yaani ule mkunjo wa grafu, inabanana, ukisukuma c inapanda na kushuka. Darasa lilichangamka sijapata kuona. Kwenye mtihani nikauliza kwa nini c inapandisha grafu nzima, nikapata majibu ya ajabu sana, mmoja aliandika "kwa sababu slaida imeenda kulia". Sikumlaumu, ndicho alichokiona.

Mara ya tatu haikuwa mpango wangu hata kidogo. Kijana mmoja wa biashara alikuja ofisini na karatasi ya mkopo aliokuwa anataka kuuchukua, akaniuliza kama riba ile ni sawa. Mkopo 1,000,000, riba 2% kwa mwezi, miezi 12. Nikamwambia mbona rahisi, tukafungua Excel, tukaandika fomula ya marejesho, ikatoka kama 94,560 kwa mwezi. Karatasi yake inasema 103,333. Nikadhani nimekosea mabano. Tukarudia, ileile. Tukakaa tunaitazama ile tofauti kama wajinga wawili mpaka tukang'amua kwamba mkopeshaji anachaji 2% ya mkopo wote kila mwezi, hata mwezi wa mwisho ambao umeshalipa karibu kila kitu bado anahesabu riba ya ile milioni nzima. Ndo riba ya flati hiyo. Sasa kijana akauliza swali la maana kuliko yote niliyowahi kuulizwa ofisini: "Kwaiyo riba yangu ya ukweli ni ngapi?"

Na hapo ndo aljebra ilinikamata shati, kwa sababu ile r, yaani riba ya mwezi kwenye fomula ya marejesho, huwezi kuitoa peke yake upande mmoja. Iko juu, iko chini, iko ndani ya kipeo cha 12. Kalamu haikufikishi. Tukatumia Goal Seek, tukaiambia Excel badilisha r mpaka marejesho yawe 103,333, ikarudi na kama 3.48% kwa mwezi. Zidisha kwa 12 ni karibu 42% kwa mwaka, wakati yeye kichwani alikuwa amebeba 24.

Tangu siku ile nimebadilisha kozi nusu nzima na nimegombana na wenzangu ofisini, nataka kusikia na nyie. Msimamo wangu ni huu, kompyuta haiifanyi aljebra iwe na maana kama swali lenyewe halimhusu mtu. Ila kuna maswali yanayowahusu ambayo bila kompyuta tulikuwa hatuyagusi kabisa, kwa sababu namba zake ni mbaya, na sisi tumezoea kuwapa milinganyo ambayo majibu yake ni 2 na 3.

KipeuoChaPili

Mkuu nimekusoma vizuri ila mimi niko upande wa hao uliogombana nao. Nafundisha pia. Wanafunzi wa sasa ukiwauliza hasi tatu kwa kipeo cha pili wanashika simu. Unawapa Goal Seek mtu ambaye hajui mabano yanafunguliwaje? Huko ni kumpa gari mtu asiyejua breki iko wapi. Kwanza msingi, alafu mashine.

Fundi_Seli

@KipeuoChaPili umetaja mfano mzuri bila kujua 😂 Fungua Excel sasa hivi, kwenye seli tupu andika =-3^2 (^ ndo alama ya kipeo) alafu bonyeza enta. Inakupa 9. Nenda Desmos andika hichohicho, inakupa -9. Zote mbili mashine, zote haziyumbi.

Mi nafanya kazi na spredishiti kutwa nzima na hiki kitu kilishawahi kuniharibia ripoti. Excel inachukua ile alama ya hasi kwanza inaibandika kwenye 3, ndo inaanza kuzidisha. Kwenye hesabu za darasani kipeo kinatangulia alafu hasi inakuja. Na ukiandika =0-3^2 hiyohiyo Excel inakupa -9, kwa sababu pale ile alama ni ya kutoa. Sasa niambie, mwanafunzi utamfundishaje mpangilio wa matendo akakumbuka milele? Kwa kumwambia "kumbuka kanuni" au kwa kumwonyesha programu mbili kubwa zinabishana mbele yake?

KipeuoChaPili

Nimejaribu. Kweli 9. Miaka yote hii sikujua, nimekaa nimenyamaza kidogo.

Lakini ona, umeng'amua kosa kwa sababu unaujua mpangilio tayari. Asiyejua angeichukua 9 akaondoka nayo. Hoja yangu bado imesimama.

Mlinganyo

Haijaanguka mkuu, na nakubaliana nayo zaidi ya unavyodhani. Sijasema tuache kalamu. Kilichobadilika kwangu ni mpangilio, zamani nilikuwa nafundisha kufungua mabano wiki nne alafu mwishoni kabisa kama muda upo naleta "matumizi", na muda haujawahi kuwepo. Sasa naanza na jedwali linalotoa jibu la ajabu, wanataka kujua kwa nini, ndo tunafungua mabano. Mabano ni yaleyale.

Alafu kuna kitu nimekigundua kwenye spredishiti. Ile shida ya x, kwamba herufi inawezaje kuwa namba, pale inayeyuka. Mtu anaandika =B2*1.02 anaiburuta chini safu 12 na hashtuki kabisa, hajui kwamba ameshaandika aljebra. B2 ndo x. Namba iliyomo unaibadilisha unavyotaka, fomula iko palepale. Mpaka nikaanza kuona kwamba herufi yenyewe haikuwa inawatisha, walikuwa hawajawahi kuiona ikifanya kazi.

Fundi_Seli

Na ndivyo spredishiti ilivyozaliwa. VisiCalc ya mwaka 1979, Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa biashara Harvard, na wazo lilikuwa kwamba ukibadilisha namba moja jedwali zima lijihesabu upya lenyewe badala ya kufuta na kuandika tena kila kitu. Akaitengeneza pamoja na Bob Frankston. Yaani mwanafunzi wa biashara huyohuyo ambaye tunasema haihitaji aljebra.

MtuWaMirathi

Mkiongelea kuzaliwa mi naongeza dogo alafu nakaa pembeni. Neno aljebra lenyewe linatoka kwenye jina la kitabu cha al-Khwarizmi, mwanahesabu aliyekuwa Baghdad karne ya 9, na sehemu kubwa ya kitabu kile ni mirathi. Mtu amekufa, ameacha mke, watoto, deni na wasia, kila mmoja apate ngapi. Kuna biashara pia na upimaji wa ardhi. Na hakuna x hata moja mle, kila kitu kimeandikwa kwa maneno, "kitu" na "mali". Hata neno algoritimu limetokana na jina lake huyohuyo.

Kwaiyo hii habari ya kwamba aljebra haina matumizi imekuja baadaye sana, sijui sisi tuliitoa wapi.

nesi_mtarajiwa

Shikamooni walimu. Mi ni mwanafunzi, nasoma uuguzi mwaka wa pili, hii kozi niliipita mwaka jana kwa kukariri, nasema ukweli. Fomula ya kwadratiki (ile ya milinganyo yenye x²) naweza kuiimba mpaka leo, nini kazi yake sijui.

Ila mwaka huu kwenye famakolojia wametuambia dawa nyingi ukimeza kila siku haijazani mwilini bila mwisho, inafika mahali inatulia. Nikauliza kwa nini, nikaambiwa ndivyo ilivyo. Hii ni aljebra au siyo? Kama ndiyo mbona hamkutufundisha 😭

Mlinganyo

Marahaba binti. Ni aljebra tupu, na ni ya wiki ya kwanza kabisa.

Fanya hivi kwenye simu yako, Sheets au Excel yoyote. Tuseme dozi ni miligramu 100 kila siku, na baada ya saa 24 mwilini imebaki 40% ya iliyokuwepo (namba ya kufundishia tu hiyo, kila dawa ina yake). A1 andika 100. A2 andika =0.4*A1+100. Iburute chini. Utaona 100, 140, 156, 162.4, 164.96, inazidi kusogea kwa hatua ndogondogo mpaka inaganda karibu na 166.7.

Sasa weka simu chini. Kama imetulia maana yake ya leo ni sawa na ya kesho, siyo? Iite x. x = 0.4x + 100. Basi 0.6x = 100, x = 166.67. Mstari mmoja. Ule mlinganyo uliofanya mara hamsini mwaka jana ukitafuta umri wa baba na mtoto.

Alafu endelea kulichezea jedwali, ndo utamu ulipo. Mgonjwa amesahau dozi ya siku moja, toa ile 100 kwenye safu moja, inaanguka mpaka 66.7, kesho yake akimeza kawaida inarudi 126.7 tu. Na akimeza mbili kesho yake ili kufidia? Inaruka 226.7, juu kuliko alivyowahi kufika. Jedwali haliamui dozi ya mtu, hilo ni la daktari na maelekezo ya dawa, lakini ukiliona utaelewa kwa nini wanasisitiza msifidie ovyo.

nesi_mtarajiwa

Nimefanya saa hii. Imeganda kweli kwenye 166.66 😳 Na nikabadilisha 40 ikawa 90 ikapanda mpaka 1000!! Kumbe dawa inayotoka polepole inajazana kiasi hicho.

Mwaka jana wangeniambia hivi ningekuwa sijalia kwenye ile kwizi ya tatu.

Bwana_Kipima

Mi niko maabara, nafundisha fizikia na watu wa aljebra wananijia wakiwa wamechoka tayari. Naleta mbili zinazofanya kazi kwangu, sina mengi.

Ya kwanza ni maji ya moto na kipimajoto. Kikombe cha maji ya nyuzi 85, chumba nyuzi 25, soma kila dakika mbili kwa dakika arobaini, weka kwenye Excel, chora. Wanaona mkunjo unashuka haraka alafu unachoka. Wanaomba Excel iweke mstari wa eksiponensheli (unaoshuka kwa asilimia ileile kila dakika), inauweka, ila haukai vizuri, mwanzo unapita chini ya nukta mwishoni unakatiza. Hapo nawauliza, huu mstari wa Excel ukiufuata mpaka kesho unaishia wapi? Wanaangalia. Unaishia sifuri. Yaani Excel imesema kikombe chako kitafika nyuzi sifuri chenyewe mezani, ndani ya chumba cha nyuzi 25.

Kimya kinaingia. Alafu kuna mmoja lazima aseme "tutoe 25 kwanza". Wanatoa 25 kwenye kila namba, wanachora upya, mstari unalala juu ya nukta vizuri kabisa. Mwisho wanairudisha ile 25. Ndo ile kuhamisha grafu juu na chini ambayo @Mlinganyo alikuwa anahangaika nayo na slaida, ile c. Hapa c ni joto la chumba, na mtu ameifikia kwa sababu kikombe kilikuwa kinataka kuganda.

Ya pili ni mpira na simu. Mmoja anarusha mwingine anachukua video, rula ya mita imesimamishwa pembeni ionekane. Programu ya Tracker ni ya bure, unabofya mpira fremu kwa fremu inakupa urefu. Simu nyingi zinachukua fremu 30 kwa sekunde, chukua kila fremu ya tatu, hiyo ni sehemu ya kumi ya sekunde. Watoe tofauti kati ya urefu na urefu unaofuata, alafu watoe tofauti ya zile tofauti. Inakuja karibu sentimita 10 kila mara, kwa hasi. Karibu, maana ni video siyo miujiza, wengine wanapata 8 wengine 12, na wale waliosimamisha rula mbali na mpira wanapata uchafu mtupu na inabidi warudie. Lakini wakishaona ile tofauti ya pili haibadiliki huku mpira umepanda na kushuka, basi kwadratiki umeshawauzia.

chalii_wa_mtandao

Mnajisumbua wazee. Photomath unapiga picha tu inatoa hatua zote. ChatGPT ndo kabisa. Kozi imekufa hii

KipeuoChaPili

Haya, ndo hao sasa.

Fundi_Seli

@chalii_wa_mtandao hujakosea kabisa, asaimenti za "tafuta x" zimekufa kweli, tuziage kwa heshima. Ila mpe Photomath ile karatasi ya mkopo ya mwanzo wa uzi. Utapiga picha ya nini? Hakuna mlinganyo pale, kuna maneno "2% kwa mwezi" na namba mbili. Anayejua kwamba 2% ile inaweza kuwa ya mkopo wote au ya salio lililobaki ndo anajua aandike nini.

ChatGPT unaweza kuielezea, ndiyo, na mara nyingi itakujibu vizuri tu. Ila nayo itabidi ujue kuiuliza ni riba ipi, na ikikujibu ujue kurudisha ile riba kwenye jedwali la miezi 12 uone kama salio linafika sifuri mwezi wa mwisho. Lisipofika, kuna mtu kadanganya.

chalii_wa_mtandao

Sawa mkuu nimekubali nusu. Lakini walimu wengi hawaulizi hivyo, wanauliza kufakta

Mlinganyo

Hapo umetupiga na hatuna pa kukimbilia.

BintiTarakimu

Nafundisha takwimu, niwatie maji kidogo maana naona sherehe imekolea. Kompyuta inakubali kuchora mstari juu ya uchafu wowote utakaoipa, na mwanafunzi akiona mstari na fomula kwenye skrini anaamini kama maandiko.

Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alitoa seti nne za data. Wastani wa x kwenye zote ni 9, wa y ni kama 7.5, na mstari unaotoka ni uleule kwa zote nne, y = 3 + 0.5x. Ukichora grafu sasa, moja ndo inafanana na mstari, moja ni mkunjo kabisa kama kilima, moja ni mstari safi ila nukta moja imeruka juu inauvuta, na ya nne nukta zote zimesimama wima sehemu moja isipokuwa moja iliyokaa mbali peke yake. Fomula ileile! Mi nawapa zile namba bila grafu, wanatoa mstari, wanajipongeza, ndo nawaambia chora.

Na kingine ni dirisha la grafu. Waambie wachore y = x² − 50x + 600 kwenye dirisha la kawaida la hasi 10 mpaka 10. Skrini tupu. Nusu ya darasa wanaandika "haina jibu". Majibu ni 20 na 30, yako nje ya picha tu. Ukijua kufakta unaona palepale kwamba 20 na 30 zinajumlika 50 na kuzidishana 600, ndo unajua ukatafute wapi. @KipeuoChaPili hii nimekuletea wewe.

KipeuoChaPili

Nimeipokea kwa mikono miwili dada. Hii ndo naitaka. Kufakta ili ujue dirisha uliweke wapi, siyo kufakta kwa sababu mtihani umesema.

Naanza kulegea, msinicheke.

mwl_wa_pembeni

Wakuu mnaongea laptopu na Excel, mimi darasani kwangu simu moja inatazamwa na watu watatu na intaneti inakuja ikitaka. Tusijifanye hilo halipo.

Bwana_Kipima

Swali la haki. Apu za GeoGebra na Desmos ukishazipakua zinachora grafu bila intaneti, na hazihitaji simu ya bei. Mi napendelea simu moja kwa watatu kuliko kila mtu na yake, nasema kweli, kwa sababu wanabishana. Mmoja ana simu, mmoja ana kalamu, wa tatu anabashiri grafu itaonekanaje kabla hawajaichora. Hairuhusiwi kubonyeza mpaka wa tatu awe amechora kwa mkono alivyobashiri. Wakikosea bashiri ndo wanajifunza, wakipatia wanaringa, vyote sawa.

mwl_wa_pembeni

Hiyo ya kubashiri kwanza naichukua. Asante.

nusu_injinia

Samahani nimechelewa. Kuna mtu amesikia kule Marekani kuna vyuo vimeamua wanafunzi wasioelekea kwenye sayansi wachukue takwimu au hesabu za maamuzi badala ya aljebra? Labda tatizo siyo teknolojia, labda kozi yenyewe haifai kwa kila mtu.

BintiTarakimu

Ni kweli ipo, njia kama Statway na Quantway zilianzishwa kwa ajili hiyo. Na mi kama mtu wa takwimu ningefurahi wote waje kwangu 😀 Lakini wakija bado nawakuta hawajui 0.4x + 100 ni kitu gani, na nusu ya semista nafundisha aljebra kwa jina jingine. Kwaiyo sijui.

Mlinganyo

Nami nadhani kuna watu hawahitaji kufakta polinomia maisha yao yote na tuwaachie waende. Ila yule kijana wa mkopo ni wa biashara, huyu binti wa dawa ni nesi, hakuna hata mmoja wa sayansi ngumu, na wote walichohitaji ni aljebra hiihii yetu, tena ile rahisi, sema ikiwa na namba mbaya.

KipeuoChaPili

Swali la mwisho kwangu. Mtihani unautungaje? Maana hapo ndo nakwama, darasani unaweza kucheza na Excel, ofisi ya mitihani inataka karatasi na kalamu.

Mlinganyo

Karatasi na kalamu haohao. Naprinti jedwali la Excel likiwa na fomula zake zinaonekana, na mahali pamoja nimeweka kosa. Mfano jedwali la mkopo, mwezi wa 5 riba imehesabiwa kwenye mkopo wa mwanzo badala ya salio. Swali: ni safu ipi ina kosa, umejuaje, na salio la mwisho litakuwa juu au chini ya linavyotakiwa. Hawahitaji kompyuta kabisa. Ila asiyewahi kujenga jedwali kwa mkono wake haruki pale.

Swali la pili nawapa grafu mbili na fomula moja, waseme ipi ni ya kwake bila kukokotoa. La tatu ndo la kufakta, la kawaida, usiogope.

Kusahihisha ni kazi, sikufichi. Majibu ya maneno yanachosha macho na kuna wanaoandika insha nzima kuficha kwamba hawajui.

nesi_mtarajiwa

Walimu samahani, nimejaribu ile ya mkopo maana dada yangu naye ana wa hivyo. Niliona mahali kuna fomula inaitwa RATE inafanya bila Goal Seek. Nimeandika =RATE(12,103333,1000000) inaniletea #NUM! Nimekosea wapi?

Fundi_Seli

Weka hasi kwenye marejesho, =RATE(12,-103333,1000000). Mkopo unaingia kwako, marejesho yanatoka, lazima alama zipishane. Ulivyoandika umeiambia Excel kwamba ulipewa milioni na bado kila mwezi unaongezwa 103,333. Riba ya hivyo imeitafuta haikuiona.

nesi_mtarajiwa

😂😂 mkopo wa hivyo nautaka. Imekubali sasa, imeandika 3%.

Mlinganyo

Ongeza desimali, Excel imekukatia. Bofya ile seli, ongeza mbili.

nesi_mtarajiwa

3.48%. Ya kwenye uzi kabisa.

Ngoja nikamuombe dada karatasi yake niweke namba zake.